Chafya ya Kipyegon

Ugoro ule niliushika mimi, kwa hiyo msimlaumu mtu mwingine.

Kaka yangu Kipyegon aliondoka kwetu Mogogosiek mwaka wa 1951, akisindikiza masanduku ya majani chai kwa gari moshi mpaka Mombasa. Hakurudi. Aliajiriwa kupaka mafuta mitambo ya meli ya mizigo iliyoitwa Marcella, na kila bandari akamwandikia mama. Halafu barua zikakatika. Mwaka mzima, kimya! Mwalimu Phelix akatuandikia kwa wakala wa meli, na jibu likaja: Marcella haimo tena katika orodha yetu, na habari za mabaharia wake hatuna. Mama alinyoa nywele za msiba siku hiyo hiyo.

Basi mke wa ndugu yetu mdogo, Jonah, alipojifungua mtoto wa kiume, tulifuata desturi. Wanawake walitaja wafu wa ukoo mmoja mmoja, nami nikampulizia mtoto ugoro puani. Mtoto akipiga chafya, yule aliyetajwa ndiye aliyerudi, na mtoto huchukua jina lake. Majina manne, wapi! Na mimi, mdomo wangu huu, nikasema, "Mjaribuni Kipyegon." Chafya ikatoka. Mama alicheka huku analia.

Miezi mitatu baadaye, mchana kweupe, nikiwa na kikapu cha chai mgongoni, nilimwona Kipyegon akipanda njia na sanduku la bati. Nilipiga yowe mpaka wachumaji wote wakasimama.

"Chepkirui, kwani mmepatwa na nini?" akauliza.

Kumbe meli iliuzwa Bombay, nao wakiwa ndani! Tajiri mpya akafuta jina kwa rangi. Waliamka kwenye Marcella, wakalala kwenye Drusilla, na kazi ya mafuta ikaendelea. Barua alimpa karani mpya azitume. Zilipotelea wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Alinipita mbio mpaka mlangoni kwa mama. "Mama, ni mimi, Kipyegon."

Mama alimtazama. "Kipyegon yuko ndani," akasema. "Ananyonya."

Baadaye alimpapasa uso, akampa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, akamtandikia. Alijua ni mwanawe. Lakini aliamini kwamba jina lililoitikiwa halirudishwi, na kumpa mtu mwingine ni kumuua mtoto. Mpaka tunamzika, mama alimwita "wewe wa melini", na kaka yangu aliitika.

Mimi, mtu akipiga chafya karibu nami, hutoka nje.