Mke wa Mama Mokami

Mama Mokami alikuwa na mke. Nalisema hili mapema ili msomaji asiyetoka huku Machochwe asije akashtuka katikati ya habari. Kwetu Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto atakaozaa msichana huyo na mwanamume wa nje wakawa wa boma lake. Tunaita nyumba ntobhu. Hakuna mambo ya kitandani kati yao. Wanaishi kama mama mkwe na mkamwana, lakini ng'ombe wametoka kwake, kwa hiyo anasema "mke wangu" bila kuona haya.

Mama Mokami mwenyewe alizaa mabinti watupu, wanne, na wote wakaolewa. Mumewe alipofariki, shemeji zake wakaanza kupitapita shambani wakilipima kwa macho. Akatoa ng'ombe aliopata kwa mahari ya binti wa mwisho, akamwoa Robi, mtoto wa mzee Machage wa Nyangoto. Robi akazaa mvulana, Kisyeri, kisha binti, Wegesa. Shemeji wakafyata mkia.

Mimi ni Veronika, jirani yao, na ndiye ninayefundisha darasa la ubatizo katika kanisa letu. Watu wanasema nina mdomo na nina hasira za karibu. Ni kweli. Ila hasira za habari hii nyingi ni zangu juu yangu mwenyewe.

Mwaka juzi moyo wa Mokami ulianza kuchoka. Miguu ikavimba, akawa hawezi kupanda hata kile kilima cha kwenda kisimani. Robi alimwogesha, akamlimia mtama na mihogo, akampeleka Mugumu kwa daktari kwa pikipiki huku amemfunga kwa kanga mgongoni mwake asianguke. Daktari alisema dawa atakunywa maisha yake yote. Mokami alielewa kwamba maisha yenyewe yamebaki machache, akashikwa na hofu mbaya. Alikuwa akinishika mkono na kuniuliza, "Veronika, nikifa naenda wapi?"

Mwezi wa tatu mwaka huu nilimpeleka kanisani. Siku hiyo tulifundishwa kwamba Yesu amekufa kwa ajili ya wote, na kila anayemwamini anaokoka. Mokami alilia mpaka kanga ikalowa. Aliniuliza, "Hata mimi?" Nikamjibu, "Hata wewe, mama." Usiku ule, aliniambia baadaye, alilala bila kuogopa kwa mara ya kwanza tangu augue.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema. Lakini jina lake lilipofika kwa mzee wetu wa kanisa, Kornelio, aliniita pembeni. Alisema hawezi kumpeleka mwanamke aliyeoa mbele ya mchungaji, watu watatucheka mpaka Tarime. Kwanza Robi arudi kwao, ndipo Mokami aokoke. Wala sikubisha. Mimi mwenye mdomo, siku hiyo nilikuwa bubu. Nikaenda kumwambia Mokami, tena nikaongeza chumvi: nikamwambia akifa kabla ya kumtoa Robi, moto unamngoja.

Wiki kadhaa hakunijibu. Mwezi wa sita alianguka shambani, akakosa pumzi, na alipozinduka akanituma nimwite Robi. Alimwambia mbele yangu, kwa sauti ndogo, arudi Nyangoto. Ng'ombe hatawadai. Watoto, kama ilivyo desturi, wabaki bomani.

Robi alikaa chini. "Mama, nimekukosea nini?"

"Hujakosea, mwanangu."

"Sasa nani amesema niondoke?"

Mokami alinitazama mimi. Na mimi nikajibu, "Ni Mungu, Robi. Mungu hakutaki katika nyumba hii."

Aliondoka na mfuko mmoja. Wegesa alimfuata mama yake akilia mpaka barabarani, nikamkamata na kumrudisha. Mikono yangu hii.

Ubatizo ulifanyika mwezi wa nane kwenye lambo la kijiji. Tulingoja kwanza ng'ombe wanywe. Walioandikwa walikuwa kumi na mmoja, wamevaa kanzu nyeupe, na Mokami aliwekewa kiti kwa sababu ya miguu. Mchungaji Selestine alikuwa mgeni kwetu, kijana wa kutoka Mugumu, na alihubiri vizuri. Alisema hakuna mtu anayemletea Mungu kitu ili aokolewe. Si Mkurya, si Mjaluo, si mfanyabiashara mwenye duka, si mwizi wa ng'ombe. Wote wanapokea bure, kwa kuamini tu.

Mokami aliinua mkono kama tulivyomfundisha darasani.

"Shikamoo, mama," mchungaji alimwambia. "Uliza tu."

"Marahaba. Mtu anaokoka lini? Akishaingia majini?"

"Hapana, mama. Siku ile alipoamini. Maji ni kuonyesha mbele za watu lile lililokwisha kutokea."

"Hata kama nyumbani kwake kuna mambo hayajanyooka?"

"Nani kati yetu nyumba yake imenyooka? Mungu anampokea kwanza. Mengine wanatengeneza pamoja, polepole."

Nilimwona akihesabu miezi kwa vidole. Kisha akakigeuza kile kiti chake, akanitazama.

"Mimi niliamini mwezi wa tatu," alisema. "Robi mlimtoa mwezi wa sita. Alikuwa amezuia nini?"

Nilimtazama Kornelio, naye alikuwa anatazama ng'ombe. Mchungaji hakuelewa. Aliuliza Robi ni nani, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza. Mokami alisimama, akaanza kutembea kuelekea barabarani na kanzu yake ile ile, miguu imevimba, akipumua kwa shida. Nilimkimbilia. Hakukubali kurudi. Tulichukua pikipiki mbili tukaenda Nyangoto.

Mzee Machage alitupokea uani. Hakutupa viti.

"Nimemfuata mke wangu," Mokami alisema.

"Ulimrudisha mwenyewe," Machage alijibu. "Mke aliyerudishwa hafuatwi. Hata hivyo hayupo. Alikaa hapa wiki mbili, hali chakula, hasemi na mtu. Nikimwambia twende kanisani anasema huko hatakiwi. Akavuka Sirari kwenda Kenya kutafuta kazi za ndani. Simu hana."

Mokami aliketi chini, pale pale kwenye vumbi, na kanzu nyeupe. Alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata siku ya kumzika mumewe.

Tangu hapo hajainuka kitandani. Sasa mimi ndiye ninayemwogesha na kuwapikia watoto. Nimekwenda Sirari mara mbili na picha ya Robi, nimevuka mpaka, nimeuliza sokoni, stendi na kwa mawakala wa wafanyakazi wa ndani. Sijampata. Mchungaji Selestine alikuja, akasikia yote, akaomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya yeye, na akataka kumbatiza Mokami pale pale kwa maji ya ndoo. Mokami alimwambia angoje kwanza Robi apatikane.

Jana nilirudi kutoka safari ya pili. Alikuwa amejilaza, midomo imekuwa ya bluu. Aliniuliza kama nimemwona. Nikasema hapana.

"Mimi siogopi tena," alisema. "Nikifa leo, najua nitapokelewa. Lakini Robi yuko huko kwa watu anajua Mungu ndiye aliyemfukuza. Ulimwambia wewe, Veronika, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikanyamaza. Nani atamfuata akamwambie kwamba haikuwa kweli?"

Nilimwambia nitakwenda tena Jumatatu. Akafumba macho, akaniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia ni Jumanne.