Mlango Wangu Nilivyoutafutia Cheo cha Hatari

Kosa ni langu, msihangaike kumtafuta mwingine. Wenzangu huungama wizi na ulevi. Mimi naungama mlango. Chekeni kwanza, nitawangoja.

Miaka ile ya tisini nilikuwa msimamizi wa chumba cha baridi kwa tajiri mmoja Mwislamu aliyeuza nyama mjini. Msimamizi ni neno kubwa. Nilifungua mlango, nikafunga mlango. Shule niliiacha mapema, ng'ombe wa baba ndio walionimalizia masomo, na hao wana hadithi yao.

Tajiri akanunua kompyuta. Mpwa wake Nasreen, msichana wa mtaa wa Spring Valley niliyembeba mgongoni akiwa mdogo, akaiandikia programu. Ndani yake aliweka kipande kidogo chenye kazi moja tu: kuandika kila linalotokea na kulipatia cheo. Taarifa, ni jambo la kawaida. Onyo, angalia. Kosa, kuna kitu kimeharibika. Hatari, kimbia! Printa ilichapa yote, lakini kengele ililia kwa Hatari peke yake.

Sasa, mlango wangu ukifunguliwa, inaandikwa Taarifa. Mota ya kuleta baridi, ya Mutua fundi wetu, ikisimama, Hatari. Unaona dharau hiyo? Mutua akawa ananiambia mlango wangu ni kama taarifa ya mvua redioni, hakuna mtu husikiza.

Nikamwendea Nasreen.

"Baba Nekesa," akasema, "hii si kanisa, hakuna viti vya mbele. Nikikupa wewe Hatari, hatari yenyewe itakaa wapi?"

Swali zuri. Mtu mwenye akili angelijibu. Mimi nilimkumbusha mgongo wangu. Akaona haya kunikatalia, akabadilisha.

Wee, tulitukuka! Mteja wa matumbo, kengele. Nimerudi kuchukua kofia, kengele. Baada ya siku chache hakuna aliyeinua kichwa, na mimi mwenyewe, mheshimiwa, nikaivisha kengele soksi kwa sababu ilinikatiza hadithi.

Halafu wakwe za Nekesa, binti yangu, wakatuma habari: wanatoka Bungoma kuja kumposa, Jumamosi watakuwa kwangu Kangemi. Kwetu Waluhya mkwe halishwi bila kuku, na firigisi ni ya mkubwa wao. Alhamisi tajiri akaniruhusu kuweka kuku wangu, wamechinjwa tayari, kwenye chumba cha baridi.

Jioni, tukikaribia kufunga, kengele ikakoroma ndani ya soksi. Niliisikia. Mutua pia aliisikia.

"Ni mlango wa Baba Nekesa huo," akasema.

Tukacheka, tukaenda zetu. Ijumaa ilikuwa Idi, hapakufunguliwa.

Jumamosi asubuhi harufu ndiyo iliyonipokea. Nyama ya tajiri, kuku wangu, vyote vimekwisha. Kwenye karatasi ya printa Hatari za mlango zilijaa juu mpaka chini, na katikati yao moja ya kweli: mota imesimama.

Tajiri akauliza ni nani aliyeharibu programu. Nasreen akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa viatu vizuri, nilivinunua kwa ajili ya wakwe.

"Ni mimi, Mjomba," akasema.

Akaondolewa kwenye kompyuta siku hiyohiyo, na hakurudi tena. Mimi nikabaki na mlango wangu.

Wakwe nikawawekea maharagwe na kabichi. Baba wa kijana akageuzageuza kijiko, akitafuta bila kutafuta.

"Tumeshiba, mkwe," akasema. Hakuwa ameonja.

Nekesa aliolewa, Mungu ni mwema. Ila kila nikienda kwao, mzee yule huchinja jogoo, na mbele ya watu wote huniwekea firigisi kwenye sahani. "Chukua, mkubwa wetu." Nilitaka cheo, sivyo? Ninacho. Huwa nakimeza kama changarawe.

Basi wewe unayetaka kila jambo lako lipigiwe kengele, endelea, utukuke. Na siku mtu akikuangalia akingoja useme neno, angalia viatu. Mimi bado ninavyo. Nasreen sijamwona tena.