Siti ya Nyuma ya Landrova la Mzee Salvatory

Wakuu, kuna Landrova moja Katindiuka, hapa Ifakara, siti yake ya nyuma ilikuwa inaloa maji kila asubuhi.

Kiangazi. Visima vinatoa tope. Na gari liko ndani ya banda lenye bati zima.

Hilary alipoiona mara ya kwanza alidhani ni paka. Mara ya pili akapanda juu ya bati kutafuta tundu. Hakuna tundu.

Mara ya tatu hakumwambia mtu.

Huyu Hilary ni fundi wa matrekta kwenye mashamba ya mpunga kule Mngeta. Mtu wa spana, si mtu wa kuamini majini. Baba yake, mzee Salvatory, alipofariki Kwaresima iliyopita, alimwachia nyumba, mama mjane, na gari lililofunguliwa vipande vipande.

Nikisema vipande, elewa vipande. Chesisi juu ya matofali. Injini ndani ya pipa. Milango uvunguni mwa kitanda. Mzee alilifungua Hilary akiwa bado mchanga, mara tu baada ya mafuriko ya Elinino, na hakuwahi kusema kwa nini.

Kilichomshangaza Hilary ni bolti. Kila moja imepakwa grisi, imeviringishwa nailoni. Kutu hakuna hata chembe.

Mtu anayelitupa gari hapaki bolti zake grisi.

"Mama, mimi nalifunga hili gari."

Bi Restituta alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Liache, mwanangu. Kilicholala kiache kilale."

"Lakini Baba alilitunza."

"Baba yako alitunza mengi."

Akaendelea kupepeta.

Hilary akamwita rafiki yake Kelestini, fundi wa kuchomelea, wakawa wanashinda bandani kila Jumamosi. Pistoni zikarudi. Giaboksi ikarudi. Kabureta wakaisafisha mpaka ikang'aa kama pete ya harusi. Ubavu wa kulia ulikuwa na tundu, bati limechanwa kama limedungwa na kitu chenye ncha. Kelestini alitaka kuliziba. Hilary akasema tuliache kwanza.

Siti ya nyuma waliifunga mwisho. Kesho yake ndiyo ikaanza kuloa.

Injini ilipowaka kwa mara ya kwanza ilikuwa mchana kweupe, jua la utosi. Kelestini alikuwa amekaa nyuma anasikilizia mlio wa difu, gia za ekseli ya nyuma. Mara akaruka nje kama amemwagiwa maji ya moto.

"Zima! Zima, mwanangu!"

"Nini tena?"

"Kuna mwanamke analia humu ndani."

"Hiyo beringi kavu bwana, acha ushamba."

"Beringi haivuti kamasi, Hilary!"

Hilary akakaa nyuma mwenyewe, Kelestini akawasha.

Akasikia.

Haukuwa mlio wa chuma. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyelia mpaka sauti ikakauka, na bado hajamaliza.

Akafungua beringi zote, akazitia grisi upya. Kilio palepale. Kelestini akakusanya vifaa vyake. "Muite padri. Mimi nachomelea vyuma tu."

Mwingine angeliuza skrepa. Hilary akasema hapana, labda limekaa sana, lipelekwe barabarani lipate upepo. Akashika njia ya Kisawasawa, kule chini ya milima. Safari nzima hakuthubutu kutazama kioo cha kati.

Karibu na soko gari likazima lenyewe.

Akafungua boneti. Alipoinua kichwa, mzee mmoja wa Kisukuma, fimbo kwapani, alikuwa ameingiza kidole kwenye lile tundu la ubavuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Wa Salvatory, wa Ifakara."

Mzee akavua kofia yake ya pama.

"Mimi naitwa Nkwabi. Hili tundu ni pembe la fahali wangu. Alilichoma siku baba yako aliponiletea habari."

"Habari gani, mzee?"

"Mafuriko yale. Mimi nilikuwa nimepandisha ng'ombe juu, huku nyuma maji yakazingira kambi, mke wangu ana uchungu. Baba yako na mama yako wakapita na gari hili. Sisi tulikuwa wageni bondeni, hakuna anayetujua, lakini wakampakia. Hospitali hawakufika. Akafia hapa nyuma, yeye na mtoto. Baba yako akawazika vizuri, akaja kunionyesha kaburi. Mtu mwema sana yule."

Akaingiza mkono dirishani, akaweka kiganja juu ya siti. Akakitoa, akakitazama.

Kilikuwa kimelowa.

Akakifuta shatini. Hilary akafunga boneti, akajaribu tena, gari likawaka.

Kesho yake, kabla kengele ya misa ya kwanza haijalia, Hilary akaenda bandani. Akakuta mlango uko wazi.

Mama yake amepiga magoti ndani ya gari, ndoo pembeni, anasugua siti kwa dodoki na sabuni ya mche.

Hilary akashusha pumzi. Kumbe maji ni mama! Alitaka hata kucheka.

"Mama, unafanya nini?"

"Haitoki," akajibu bila kugeuka.

"Nini haitoki?"

"Damu. Huioni?"

Siti ilikuwa safi kama sahani.

"Mama, jana nimekutana na mzee Nkwabi."

Dodoki likaanguka.

"Ameniambia mke wake na mtoto walifia humu."

Bi Restituta akakaa sakafuni mwa gari, akajifunika uso kwa kanga iliyojaa povu.

"Mke alikufa. Nilimshika mwenyewe."

Akaishusha kanga usoni.

"Mtoto hakufa, Hilary."

Daah. Hilary alishika mlango wa gari.

"Nilikuwa nimepoteza mimba, moja baada ya nyingine," mama akasema. "Wewe ukalia mikononi mwangu. Nikamwambia baba yako, huyu simtoi. Nikamtuma akaseme mmekufa wote. Akaenda, akasema. Tangu siku hiyo kila akiwasha gari anamsikia yule mama. Akalifungua. Na kila mwaka anasema, nikilifunga tena, nampeleka mtoto kwao kwa gari hilihili. Anapaka bolti grisi. Halafu anazirudisha kwenye nailoni."

"Na wewe unamsikia?"

"Hata gari lisipowaka."

Siku hiyohiyo Hilary akampakia mama yake mbele, wakaenda Kisawasawa.

Nkwabi alisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni mwa zizi. Hakupiga mtu. Hakupiga kelele. Alimtazama Hilary masikio, akamtazama vidole, akamtazama anavyosimama. Bi Restituta alikuwa amepiga magoti kwenye samadi, hakumwambia inuka.

Akasema tu, "Nipelekeni kaburini."

Makaburini mama alibaki getini, hakuthubutu kuingia. Nkwabi akachutama, akang'oa majani kidogo.

"Kila nilipokuja hapa nilimwambia, mshike mtoto vizuri, usimwachie. Miaka yote hiyo." Akayatupa majani. "Kumbe nilikuwa namtesa. Hana kitu mikononi. Alikuwa anamtafuta."

Akauvuta mkono wa Hilary, akaulaza juu ya udongo, akaanza kuongea Kisukuma, taratibu, kama mtu anayemtambulisha mgeni. Hilary hakuelewa hata neno moja. Ila alilia mpaka shati likaloa.

Gari sasa linanguruma kama gari. Kelestini analipanda.

Lakini msidhani watu walikumbatiana yakaisha. Mpaka leo Nkwabi akikutana na Bi Restituta anaitika salamu, basi. Hilary anakula Krismasi nyumba mbili, na kote anabakiza chakula.

Ninachowaambia ni hiki. Ukimwokoa mtoto wa mwenzio kwenye maji, Mungu akubariki. Lakini kumwokoa hakukufanyi mwenye mtoto. Wenyewe wakija, mkabidhi, hata moyo uchanike. Ukimficha unaweza kumlea vizuri, ukampenda kweli, na siku moja akakuzika kwa heshima zote. Ila ujue kuna baba mahali fulani anamlilia maiti, na maiti mwenyewe yuko mezani kwako, anaomba aongezwe wali.