Msimu wa Maganda ya Kiberiti

Siku nilipopata habari kwamba sikuchaguliwa kusomea udaktari, mama alichemsha viazi vitamu sufuria nzima. Kwake yeye hakuna huzuni inayoweza kukaa na mtu aliyeshiba. Nikala huku nalia, na wadogo zangu wakanicheka, maana si rahisi kulia vizuri ukiwa na kiazi mdomoni.

Tulikaa Izia, mtaa wa Sumbawanga mjini, kwenye nyumba ya serikali ambayo mvua ikinyesha bati lilipiga kelele hadi redio haisikiki. Nyuma ya ua kulikuwa na mahindi na maharage ya mama. Wazazi wangu walitoka Mbeya, lakini mimi nimekulia kwenye baridi ya Ufipa na mpaka leo nikinusa ugali wa ulezi nasimama. Baba alikuwa bwana afya. Alizunguka vijijini kwa baiskeli akikagua vyoo, visima na mabucha, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi ya mkaa, soksi zimevutwa hadi chini ya magoti. Alikuwa mtu wa utaratibu kupita kiasi. Hata chai aliinywa kama anaikagua.

Kemia ndiyo iliyoniangusha. Baiolojia niliipenda kwa sababu niliiona shambani na kwenye banda la kuku, lakini kemia niliikariri kama sala ya lugha ngeni. Siku hizo hata aliyechaguliwa hakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Ulitakiwa ufanye kazi kwanza, watu wakuone, na tawi la chama lithibitishe kwamba si mvivu wala mnyonyaji. Kwa hiyo kuomba tena lazima ningengoja. Swali lilikuwa ningojee wapi.

Njia ya kwanza ilikuwa ya baba. Alinitafutia nafasi kwenye mafunzo ya sayansi Dar es Salaam, mwaka mzima wa kemia asubuhi na jioni, yakianza mvua zikiisha. Njia ya pili ilikuja na miguu yake. Mtaalamu mmoja kutoka Dar es Salaam alifika mjini kwetu kufanya utafiti wa safura, ile minyoo inayonyonya damu tumboni hadi mtu anapauka viganja. Alitaka kijana anayejua kutumia hadubini na asiyeogopa matope. Ndugu zake walikuwa wamemuaga kama anayekwenda vitani, maana huko pwani likitajwa jina la Sumbawanga watu hudhani tunasafiri kwa ungo. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, akanikubali siku ileile, ingawa nilikuwa msichana.

Baba hakufurahi.

"Mtafiti anauliza," aliniambia. "Daktari anajibu. Wewe unataka kuwa nani?"

"Daktari, baba."

"Basi ukasome."

Mama, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, alisema bila kuinua kichwa, "Mwache aanze huku huku. Dar haikimbii." Tukaafikiana hivyo: nifanye utafiti wakati wa mvua tu, kisha nipande basi niende kwenye kemia yangu. Nilidhani nimewashinda wote wawili.

Tuliondoka kwa lori la wafanyabiashara wa mtaa wa Majengo, tukakaa juu ya magunia ya chumvi hadi mji mdogo wa Matai, kisha mbele kidogo hadi kijiji kimoja cha ujamaa ambacho nyumba zake zilipangwa mistari kama wanafunzi kwenye gwaride. Ulikuwa wakati wa kupiga ntumba, yale matuta ya duara ya Ufipa. Watu hufukia majani ndani ya udongo yaoze, na juu wanapanda maharage. Ukitazama kutoka barabarani unaona uwanda mzima umevimba vichuguu hadi unapokutana na mawingu. Hadi leo sijaona shamba zuri kama lile. Wanawake walituamkia kwa kupiga magoti na kupiga makofi polepole, makofi laini yasiyo na haraka, na salamu yao ilichukua muda hadi mtaalamu akaanza kutazama saa. Mimi niliipenda. Nilijisikia mtu.

Kazi yenyewe haikuwa ya kifahari. Tulikuja na gunia la maganda matupu ya kiberiti. Mwanzoni watu walituchangamkia sana, kwani viberiti vilikuwa adimu dukani, na walipofungua wakakuta hamna njiti walituona waongo. Tukaeleza: kila mtu wa nyumba achukue ganda lake, atie choo kidogo, na asubuhi lirudi likiwa limefungwa. Mimi ningeangalia kwa hadubini kama kuna mayai ya safura.

Maganda yakarudi, yote, bila hata moja kupotea. Mtaalamu akasema hajawahi kuona wananchi wenye ushirikiano namna ile. Nami nikainama kwenye hadubini ndani ya chumba cha ofisi ya kijiji, inzi wakinifanyia mkutano masikioni.

Baada ya muda nikaona kioja. Nyumba hii wote wana safura, kuanzia babu hadi mtoto wa kunyonya. Nyumba ya pili wote hawana, hata bibi aliyepauka kama unga. Hakukuwa na nyumba yenye mchanganyiko. Mtaalamu alifurahi mno. Alitembea huku na huku akisema huenda ugonjwa unachagua nyumba, huenda ni udongo, huenda ni mpangilio wa vyoo. Alikuwa anaona jina lake limeshaandikwa mahali. Mimi nilikuwa nawaza jambo jingine. Safura huingilia nyayoni; mtoto anayenyonya, hajawahi kukanyaga chini, ameipata wapi?

Nikaenda kwa mke mmoja kijana, wa umri wangu, ambaye tulikuwa tumezoeana. Nilimkuta juu ya tuta lake, nikamsaidia kuvuta majani. Ndipo nikamuuliza haya maganda huwa yanajazwa na nani.

Alicheka hadi akaliachia jembe. "Dada, mimi nimpelekee baba mkwe ganda la kiberiti, nimwambie nini? Alitie nini?"

"Sasa unafanyaje?"

"Namkamata mtoto. Choo cha mtoto hakina aibu. Kinatosha nyumba nzima."

Na mimi nikacheka, lakini masikio yalikuwa yamepata moto. Ningepaswa kujua. Kwetu Mbeya mama yangu hakuwahi kukutana uso kwa uso na baba yake baba. Akimwona njiani aliingia porini. Nimekua nikimwona akifanya hivyo kila likizo, halafu nikagawa maganda kwa wake za watu na kuwaambia wakamkusanyie mkwe choo! Kijiji hakikutudanganya. Walituheshimu sisi, wakawaheshimu na wakwe zao, na mtoto mmoja akabeba mzigo wa wote.

Nilipomwambia mtaalamu, alivua sweta ya juu. Kisha akasema, "Kazi yote ya msimu imekufa." Nikamwambia tuwape wajukuu. Mimi na babu yangu tulitukanana tangu nilipoanza kuongea, nikimwita mume wangu na yeye akinikataa kwamba sina meno. Mjukuu anaweza kumpelekea babu kitu chochote. Mtaalamu akaniangalia, akaniomba nibaki hadi mavuno yatakayofuata, turudie nyumba kwa nyumba. Alisema bila mimi hataweza, na nilijua hasemi kwa kunifurahisha.

Hapo ndipo roho iliponigawanyika kweli. Mafunzo ya Dar yalikuwa yanaanza juma lile. Kemia ilikuwa haijanisamehe, wala mimi sikuwa nimeisamehe. Kama singekwenda, nafasi ingepewa mwingine, na barua ambayo mtaalamu angeniandikia chuoni ingeweza kunisaidia au isinisaidie. Sikulala vizuri. Nilimtumia baba ujumbe kwa dereva wa lori: nimeamua kubaki.

Baba akaja mwenyewe. Alishuka Matai kwenye lori la chumvi, soksi zake zina matope kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mkononi sanduku langu ambalo mama alikuwa amelipanga kwa safari ya Dar. Hakugombana. Aliomba kiti, akaketi nje ya ofisi ya kijiji, akatazama.

Siku ile wajukuu walikuwa kazini. Walikimbia na maganda mikononi wakiimba upuuzi wao, wazee wakiwafukuza kwa fimbo na matusi matamu, kisha wazee wenyewe wanazunguka nyuma ya nyumba na maganda yao na kurudi wamenuna. Kijiji kizima kilicheka. Niliona mabega ya baba yakitikisika, lakini uso aliushikilia.

Alilala kwa mwenyekiti wa kijiji. Asubuhi, lori likiwa linanguruma na ukungu haujapanda, tulisimama barabarani, sanduku kati yetu.

"Haya," alisema.

"Baba, hawa watu niliwauliza vibaya. Siwezi kuondoka kabla sijawauliza vizuri."

Alitikisa kichwa polepole. Dereva alipiga honi. "Na chuo wakikukataa tena?"

"Nitaomba tena."

Baba aligeukia yale matuta. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mimi niliomba mara moja tu."

Sikujua. Miaka yote ile ya vyoo na visima, hakuwahi kumwambia mtu, na baadaye niligundua kwamba hata mama alikuwa hajui. Nilitaka kumshika mkono lakini kwetu hatukuwa watu wa kushikana mikono. Akaniachia sanduku, akapanda, akakaa juu ya magunia akiwa amenipa mgongo.

Tulirudia nyumba zote hadi mavuno, na safari hii nyumba zilikuwa na mchanganyiko, wengine wana safura na wengine hawana. Mwaka uliofuata niliomba, wakanikataa. Kemia ileile. Baba akasema neno moja tu: "Andika." Nikaenda kuisoma kemia, si Dar bali kwa mwalimu mmoja mjini aliyenivumilia jioni baada ya jioni, na nikaomba mara ya tatu. Waliponikubali, nilikimbia kutoka mjini hadi Izia. Baba alikuwa uani, anakaguakagua mahindi ya mama. Nilipomwambia, alikaa chini pale pale kwenye tope, na kaptula yake iliyopigwa pasi, akalia kwa sauti, na mama akatoka ndani akidhani kuna aliyekufa.