Simu Ndani ya Gunia la Mpunga

Simu ilinichomoka kifuani, ndani ya nguo, nilikoiweka kama tufanyavyo wanawake wengi. Nilikuwa nimeinama kupalilia mpunga katika jaruba la marehemu mama yangu, kule Mamba, Mpimbwe. Niliiopoa majini haraka na kuipangusa kwa kanga, lakini ilikuwa imeshazima.

Simu ni simu tu, nyingine ningenunua. Kilichonikata maini ni video moja iliyokuwamo, niliyomchukua mama shambani msimu wake wa mwisho, kabla hajaanza kuugua. Sikuwahi kuihamishia popote. Kila siku nilisema kesho, kwa uzembe wangu. Picha zake tunazo, hata ukutani zipo, lakini sauti yake ilikuwa humo peke yake.

Mama mdogo, ambaye sasa ndiye anayekaa kwenye nyumba ya mama, alikuwa amesikia redioni kwamba simu ikilowa inafukiwa kwenye mchele. Siku hiyo mchele ulikuwa umetuishia. Tulikuwa na mpunga, gunia tatu ambazo hatujapeleka mashineni.

"Si ni kitu kilekile?" akasema. "Huu umevaa nguo tu."

Nikamsikiliza. Nilifukia simu ndani ya gunia, na siku tatu nzima kila asubuhi nilikuwa nazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko kuipapasa. Haikuwaka. Nikapanda basi kurudi kwangu Nsemulwa, nikaipeleka kwa fundi simu karibu na soko la Mpanda, mzee mmoja wa kibaragashia na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

Nikamweleza yaliyotokea kule Mamba. Alipoifungua, pumba zikamwagika mezani. Palepale kwenye tundu la chaji alichomoa punje nzima kwa kibanio, akainyanyua wateja waione.

"Dada, nyie watu wa Mpimbwe mlitaka iote?"

Watu walicheka. Mimi nilinuna, na nikinuna huwa sifichi. Nikamwambia kwamba mama yangu yumo humo ndani, sauti yake, na ameshafariki. Akaiweka ile punje chini.

"Pole sana. Simu yenyewe siahidi, imeshaliwa na kutu. Ila ikiamka hata dakika chache, tutahamisha vilivyomo."

Siku mbili nilizosubiri niliwasimulia wanangu video ile. Bibi yenu, niliwaambia, yuko juu ya dungu, kile kichanja cha kufukuzia ndege, na anaimba kwa Kipimbwe. Nilikuwa na uhakika kabisa. Utoto wangu wote nilimsikia akiimba huko juu huku akigonga kopo, na mimi chini nikichezea matope, nikijua kwamba maadamu namsikia niko salama. Jamani, nimekumbuka kuwa mtoto wa mtu.

Nilipokwenda tena, fundi alikuwa ameusugua ubao wa ndani kwa spiriti na kuunganisha betri na kioo cha simu nyingine. Nikachora alama ya kufungulia. Akahamisha kila kitu kwenye kompyuta yake. Picha kadhaa zilitoka nusu, nusu nyingine kijivu. Video ikafunguka.

Mama hakuwa anaimba. Alikuwa juu ya dungu kweli, kopo mkononi, lakini alikuwa amenigeukia, kakunja uso.

"Weka hilo lisimu uje ufukuze ndege! Wanamaliza mpunga, we umesimama unachekacheka. Siku likidumbukia majini, usije ukanililia!"

Kisha akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa, na picha ikaangukia kwenye miguu yangu. Ikaishia hapo.

"Ndiye yeye?" fundi akauliza. "Niirudie?"

Nilikuwa nimeshajifunika kanga usoni, dukani kwa watu, namlilia.