Ndege Mbili Mezani Kamakis

Nilikuwa fundi wa ndege ya mzee mmoja kwa miaka kumi na minane, na bado sijajisamehe ule mchana wa Kamakis. Alikuwa mwajiri wangu, mkulima wa kahawa aliyekaa Ngoingwa na kuendesha ndege yake mwenyewe. Ile ya zamani, ya petroli, alikuwa ameiuza. Sasa alitaka yenye injini moja ya tabaini, kama zile za ndege kubwa, inayopanda juu ya mawingu. Akaniita kwenye vibanda vya nyama choma vya Kamakis tule, nimsaidie kuchagua kati ya mbili.

Aliweka brosha zote mbili mezani, akaniambia nisome mimi, miwani ameisahau nyumbani. Nikasoma. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, yenye mbio, na haili mafuta mengi. Lakini inatua kwa kasi, na rubani akizubaa kidogo tu haimsamehe. Ya pili ilikuwa nzito na inakunywa mafuta bila aibu, ila ina mlango mkubwa nyuma na inatua hata kwenye murram, udongo usio na lami. Mimi napenda mashine inayokwenda, na waoga sina subira nao. Nikashikilia achukue ya kwanza.

"Hii ingine ni ya kubeba mboga, mzee," nikamwambia.

Hakucheka. Aliuliza inagusa ardhi kwa kasi gani, nikamwambia. Akauliza tena. Kisha akauliza kachumbari iko wapi, na sahani ilikuwa karibu na mkono wake. Nikamtania kwamba njaa imempofusha. Akasogeza kiganja polepole juu ya meza mpaka kikagusa sahani.

Hapo ndipo nilipokumbuka jinsi alivyokuwa akipapasa propela kwa vidole kabla ya kuruka, miezi ile ya mwisho ya ile ndege ya zamani, nami nikamsifu mbele ya mafundi wengine kwa uangalifu. Mimi ninayejigamba kwamba nasikia injini ikikohoa kabla ya mtu mwingine yeyote!

Ningemwambia pale pale kwamba macho yamekwisha, asiendeshe tena. Lakini kwetu mdogo hamtajii mkubwa wake udhaifu mezani, na nikajificha nyuma ya adabu hiyo. Ulikuwa woga tu. Nikafungua ukurasa mwingine nikaendelea kusoma, mara urefu wa mabawa, mara uzito.

Akanisimamisha.

"Daktari aliniambia niwache kuendesha, nikamkatalia," akasema. "Nilikuita wewe ndio uniambie. Wewe ningekubali."

Nikamwambia viti vya nyuma vya ile nzito ni vipana, mtu ananyoosha miguu, na rubani mzuri wa kuajiri hakosekani.

Kisha akauliza kama madirisha ya huko nyuma ni makubwa.

Nikasema ndiyo, ni makubwa sana, nikalia mbele ya nyama iliyokuwa imepoa.