Nilimwaibisha Jirani Yangu Uani kwa Sababu ya WiFi

Kosa ni langu. Shetani simsingizii, na hasira siisingizii, maana hasira ile niliipandisha mwenyewe. Naandika bila jina kwa sababu bado naishi nyumba ileile, huku Kiwalani, na kila asubuhi napishana bombani na mtu niliyemkosea. Nimelibeba hili hadi limenishinda, acha niliseme.

Huyo mtu nitamwita Mama Rukia, ingawa binti yake haitwi Rukia. Ni mwenyeji wa Newala, mumewe dereva wa malori, wiki nyingi yuko njiani. Mimi natokea Iringa, naishi peke yangu, na milango yetu inatazamana. Nilipopunguzwa kazi ofisini, yeye ndiye aliyekuwa ananiletea mboga bila kuniuliza kama nimekula. Alikuwa shoga yangu wa kweli.

Mumewe alimwekea boksi la intaneti ndani ili waonane kwa video akiwa safarini. Mama Rukia akanipa na mimi nitumie, bure kabisa. Alikuwa akitania kwamba kwenye ukoo wa mumewe wifi mwema ni huyo wa kwenye boksi tu, wengine wote wanamsema!

Na mimi nilikuwa na cha kumpa. Mama Rukia hakujua kusoma.

Jamani, hiyo ndiyo ilikuwa siri yake. Nyumba nzima, hata binti yake, waliamini kwamba macho yake mabovu. Alinunua miwani kwa machinga, miwani isiyo na kazi yoyote, na kila karatasi ikiletwa anasema, "Miwani nimeiacha ndani, hebu nisomee." Hata ujumbe wa mumewe alisomewa na Rukia. Mwanaume akiandika mambo ya mke na mume, mtoto anaruka mistari, na mama anajifanya hajagundua. Ndiyo maana alitaka kujifunza. Alitaka ajisomee mwenyewe maneno ya mumewe, basi, hakuna kingine.

Siku moja aliniita ndani kwake, akafunga mlango, akanieleza yote. Akasema, "Shoga, hili la mie na wewe. Rukia akijua nimemdanganya miaka yote, uso nitauweka wapi?" Nikamwapia kwa Mungu kwamba halitatoka.

Tukawa tunasoma mchana, Rukia akiwa shule, kwa pakiti za chumvi na majani ya chai. Alikuwa mwepesi! Herufi alishazimaliza, akawa anaunganisha silabi. Siku aliyosoma "chumvi" yote bila kusaidiwa, aliibusu ile pakiti, akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa njooni kwenye ujinga wangu.

Nilikuwa nimepata kazi ya majaribio ya kusikiliza sauti za mahojiano na kuziandika. Nilitakiwa kutuma kabla ya saa kumi na moja jioni. Nikifaulu, naajiriwa, nafanyia nyumbani. Nisipofaulu, narudi kwetu kulima. Na laptop yangu, ya mtumba kutoka Kariakoo, ilikuwa imejaa virusi, inajizima hovyo. Mtandaoni kila mtu anasifia Linux, kwamba ni mfumo wa bure, mwepesi, hauugui. Mtu mwenye akili angetuma kazi kwanza, mambo ya mfumo yakafuata. Mimi nikaamua nibadilishe asubuhi ileile! Nilitaka kazi yangu mpya ianze na mashine mpya.

Nikahifadhi mafaili kwenye flashi. Nikaifuta laptop kwa kitambaa, juu, chini na pembeni, kama naiandaa kwenda harusini. Nikapachika flashi nyingine yenye Linux, nikafuata video hatua kwa hatua. Ikakubali! Niliona nimeshakuwa injinia. Nikatoka uani nikajigamba kwamba mafundi wa Kariakoo hawanipati tena.

Mchana nikamalizia kuandika. Nikataka kutuma. Alama ya WiFi haipo.

Nikazima, nikawasha. Haipo. Nikafungua sehemu ya mipangilio, nikakuta imeandikwa kwamba haioni kifaa chochote cha WiFi. Nikazima tena, safari hii nikasubiri kidogo, nikapiga na ishara ya msalaba. Haipo! 

Nikachukua simu. Simu inashika WiFi ya Mama Rukia vizuri tu. Hapo ndipo wazo baya lilipoingia. Kwa nini simu ishike na laptop isishike? Nikakumbuka kwamba juzi yake Mama Rukia alisema, tena huku anacheka, "Shoga, hiyo mashine yako ikiwaka tu, video yangu inazunguka kama tiara." Nilijua pia kwamba mwenye boksi anaweza kukifungia kifaa kimoja na kuviacha vingine. Wazo likakaa, halikutoka.

Nikatafuta msaada kwa simu, kwa intaneti ileile ya Mama Rukia. Nikakuta jukwaa ambako watu wenye tatizo kama langu wanaelekezana kufungua dirisha jeusi la mashine na kuandika humo amri fulani. Nikaiandika, herufi moja moja. Mashine ikanijibu mistari michache ya Kiingereza. Sikuielewa yote, lakini mmoja niliuelewa vizuri sana. Uliandikwa: *Hard blocked: yes.*

Blocked! Nani katika mji huu hajui maana ya kublokiwa? Nimeshablokiwa na mwanaume, nimeshablokiwa na bosi, nalijua neno hilo. Na hapa nimeblokiwa kwa nguvu, ndivyo nilivyolielewa lile neno la mbele. Mistari mingine sikuijali. Sikukumbuka kwamba asubuhi nilikuwa nimeifumua mashine nzima nzima. Saa kumi ilikuwa imeshapita. Nikaibeba laptop ikiwa wazi vilevile, nikatoka.

"Mama Rukia! Toka nje!"

Alikuwa yuko nje tayari, amekalia mbuzi anakuna nazi. Wapangaji wengine walikuwa wanapika, na Rukia alikuwa ndiyo kwanza amerudi shule, bado na sare.

"Kuna nini shoga? Umefiwa?"

"Umeniblok!"

"Nimekufanyaje?"

"Umeniblok kwenye WiFi! Kama ulikuwa hutaki nitumie si ungesema? Unanifanyia leo, siku ya kazi yangu?"

"Mie?" Akaangalia huku na huku. "Mie hicho kiboksi najuaga kukichomeka tu, nitakublok vipi?"

"Mashine yenyewe imesema!"

Mpangaji mmoja, kaka wa chumba cha mwisho, akadakia: "Sista, si ulikuwa unaifumua tangu asubuhi? Labda umesahau kurudisha utumbo!" Ua mzima ukaangua kicheko. Mama Rukia naye akacheka, kicheko chake cha siku zote, hakikuwa na ubaya wowote. Lakini mimi nilikiona ni cha dharau. Damu ikanipanda kichwani.

Nikamsogelea, nikamwekea laptop usoni. "Haya soma! Soma mwenyewe hapa uone kilichoandikwa!"

 Akaangalia kioo, halafu akaniangalia mimi. Naapa, yale macho siwezi kuyasahau. Yalikuwa yananiomba. Akasema polepole, "Miwani nimeiacha ndani, shoga."

Ningeweza kuishia pale. Nilijua anachosema, tena pale uani ni mimi peke yangu niliyejua! Badala yake nikapaza sauti mpaka nyumba ya pili wasikie.

"Miwani gani! Macho yako mazima! Wewe hujui kusoma! Herufi nakufundisha mie, kwa pakiti za chumvi!"



Rukia alikuwa amesimama mlangoni kwao, mkoba bado uko mgongoni. Alimtazama mama yake kwa muda, kama anamhesabia siku zote alizomsomea. Halafu akaingia ndani.  Mama Rukia akainamia tena mbuzi, akaimaliza ile nazi, akakung'uta, akachukua bakuli lake, akaingia. Nilitamani anitukane, anirushie hata kifuu. Hakufanya lolote.

Na kazi? Nilihamishia kazi kwenye flashi, nikakimbia nayo mpaka steshenari iliyo karibu na kwetu, nikatuma ndani ya muda, kwa hela ya maandazi. Steshenari ilikuwepo siku zote! Wala sikuiwaza. Na kazi niliipata. Barua pepe ya kunipongeza ilipokuja sikuweza hata kutabasamu, kwa sababu mtu niliyezoea kumkimbilia na habari njema alikuwa amefunga mlango.

Kesho yake niliuliza kwenye lile jukwaa la mtandaoni, bado nikitafuta ushahidi kwamba nilikuwa sahihi. Mtu mmoja akanijibu kwa Kiswahili chepesi kwamba neno lile halina uhusiano na mwenye WiFi. Maana yake ni kwamba WiFi imezimwa kwenye mashine yenyewe. Laptop nyingi za zamani zina kiswichi pembeni. Kiangalie, akasema, watu wengi hukigusa bila kujua.

Nikaipindua laptop. Nikakiona kwenye ukingo wa mbele, kidogo kama punje ya mahindi, kimesukumwa upande wa kuzimwa. Kitambaa changu! Nikakisukuma kwa ukucha. Majina ya WiFi za mtaa mzima yakamiminika kwenye kioo, na la Mama Rukia likiwa juu ya yote.

Mashine ikaniomba neno la siri. Nikaliandika lilelile la zamani. Nilitaka likatae. Nisikilizeni vizuri, nilitaka likatae, angalau nipate kusema na yeye amenifanyia kitu! Likakubali mara moja. Baada ya matusi yote yale, hakuna aliyenifungia chochote. Nikaweka kichwa juu ya meza nikalia mpaka nikapaliwa.

Hata hivyo sikwenda siku ile. Wala iliyofuata. Aibu ilinifanya nichungulie dirishani kwanza kabla ya kutoka kuchota maji. Nilipojikaza nikabisha hodi, alifungua Rukia. "Shikamoo," akasema, bila kunitazama. Akapita pembeni yangu, akatoka.

Mama Rukia alikuwa anakunja nguo. "Karibu," akasema. Hakusema shoga.

Nikapiga magoti. Nikamwambia hakuwa yeye, ilikuwa swichi, niliigusa mwenyewe nikifuta vumbi.

"Swichi," akasema. "Ya kuwasha na kuzima?"

"Ndiyo."

"Basi umeipata. Hongera."

Nikamwomba msamaha kwa maneno yote niliyokuwa nayo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniinua kwa mkono, maana ndivyo alivyo. "Nimekusamehe. Sie majirani, tutazikana. Neti tumia, sijakukataza."

"Na kusoma? Nije kesho mchana?"

Akatikisa kichwa. "Kusoma basi. Nikishika hata gazeti la kufungia maandazi, watu wananiangalia mdomo. Na huyu mtoto," akaonyesha mlangoni, "akija na karatasi ya shule ananisomea kabla sijamwomba. Anasoma taratibu, kama mie mgonjwa. Bora angenicheka."

 Nikainuka. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Hivi lile neno ulilonionyesha kwenye mashine, linasomekaje?"

Nikamwambia. Akalirudia kwa sauti ndogo, kipande kwa kipande, jinsi nilivyomfundisha mimi. "Blo-kdi." Akalirudia tena. "Ndilo hilo tu?"

"Ndilo hilo tu."

"Haya," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Mpaka leo WiFi yake iko wazi kwangu, na mimi nimeifuta kwenye simu na kwenye laptop. Nanunua bando. Natamani anidai kitu, lakini hadai. Nikimsalimia anaitikia vizuri sana, kama anavyomwitikia mzoa takataka, na hapo ndipo ninapoumia.

Wewe unayesoma haya, kama mashine yako imegoma, igeuze, ikague, iulizie kwa watu wanaojua, ipeleke kwa fundi, itupe hata jalalani ukitaka! Usiende nayo kwenye mlango wa mtu ukiwa umesoma neno moja tu. Na kama kuna mtu alishawahi kufunga mlango akakunong'oneza jambo lake, basi siku ya hasira kaa mbali naye, jifungie hata chooni, uume ulimi. Mimi nilipewa siri ya mtu mmoja tu niitunze, nikaitoa uani mbele ya mtoto wake, kwa sababu ya neti.